Mafuta ya Mimea kama Tiba ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika nyumba nyingi za Dodoma na Singida, chupa ya mafuta ya alizeti ina kazi zaidi ya kukaangia. Mtoto akitoka kuogeshwa hupakwa, bibi akiumwa magoti huchuliwa nayo, na upepo wa Juni ukianza kupasua midomo watu huirudia mara kadhaa kwa siku. Siku hizi pembeni yake yapo pia mafuta ya nazi kutoka Pwani, ya nyonyo, ya mwarobaini, ya ubuyu na ya habasoda, pamoja na vichupa vidogo vya mikaratusi, karafuu na mchaichai vinavyouzwa madukani na vituo vya mabasi kwa maelezo kwamba vinatibu karibu kila ugonjwa. Majibu yafuatayo yanaongozwa na msimamo mmoja: mahali pa mafuta ni kwenye nywele na kwenye ngozi iliyo nzima. Yanapoingizwa mdomoni kama dawa, puani, kwenye jeraha au kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hapo ndipo madhara mengi huanzia.

Mafuta ya kukamua na mafuta tete yanatofautianaje?

Mafuta ya kukamua, kama ya alizeti, ufuta, karanga, nazi, nyonyo na ubuyu, hutolewa kwenye mbegu au nyama ya tunda kwa kugandamizwa. Ni mazito, hayana harufu kali, na mengi yake hayachomi ngozi. Mafuta tete, kama ya mikaratusi, karafuu, mnanaa na mchaichai, hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au vikonyo, kisha mvuke huo ukapozwa na mafuta yakatengana na maji; ndivyo inavyofanyika Pemba kwa makonyo ya karafuu. Kwa kuwa mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta kidogo sana, tone moja hubeba nguvu ambayo mtu asingeipata kwa kunywa chai ya majani hayo hayo.

Kwa sababu hiyo mafuta tete hayapakwi yakiwa peke yake. Huzimuliwa kwenye mafuta ya kukamua, na kwa mtu mzima mwenye afya matone sita katika kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti au nazi yanatosha kwa kuchua mwili. Kwa mwenye ngozi nyepesi kuwashwa, matone matatu. Kuyatia kwenye beseni la maji ya kuoga si kuyazimua, kwani hayachanganyiki na maji: huelea juu na kugusa ngozi yakiwa na ukali wake wote. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe mafuta tete hata yakiwa yamezimuliwa.

Ngozi yangu hukauka na kupauka sana msimu wa upepo. Nitumie mafuta gani?

Dodoma iko juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mvua zake huishia Aprili, na kuanzia Juni hewa huwa kavu, ya baridi asubuhi na yenye vumbi mchana. Katika hali hiyo ngozi hupoteza maji haraka kuliko inavyoyapata. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Kwa hiyo muda wa kupaka una uzito kuliko bei ya mafuta: jifute kwa kugusagusa taulo, bila kusugua, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika mbili tatu baada ya kuoga. Anayengoja hadi ngozi ikauke kabisa na kuanza kubana huwa amechelewa. Maji ya moto sana na sabuni kali ya kufulia huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kufidia uharibifu huo kila siku.

Kuhusu aina, wakazi wa kanda hii wana bahati ambayo wengi hawaijui. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huihitaji katika kujenga ukuta wake wa juu. Mafuta ya zeituni, ambayo huuzwa ghali na kusifiwa sana, yametawaliwa na asidi ya oleiki. Utafiti mdogo uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 uliwapaka watu wazima mafuta hayo mawili na kuona kwamba ya zeituni yalidhoofisha ukuta wa ngozi huku ya alizeti yakiuacha salama. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya mtu wa Kongwa au Manyoni kuacha mafuta yanayokamuliwa mtaani kwake akatumia fedha ya wiki nzima kununua kichupa kutoka nje.

Mafuta ya ubuyu nayo ni mazuri kwa kupaka, ingawa bei yake ni kubwa kwa kuwa mbegu ni ngumu na hutoa mafuta kidogo. Ya nazi hufaa pia. Yakiwa safi huganda yakawa meupe chini ya takriban nyuzijoto 24, kwa hiyo asubuhi ya Julai mjini Dodoma chupa iliyolala dirishani hukutwa imeganda hadi shingoni. Hiyo si dalili ya kuharibika. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu na mafuta yatayeyuka. Mafuta ya nazi yanayobaki kama maji katika baridi hiyo yana kila dalili ya kuchanganywa na mafuta mengine.

Na magaga ya miguuni?

Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, futa, paka mafuta mazito kama ya nyonyo au nazi, kisha vaa soksi za pamba ulale nazo. Rudia kila usiku kwa wiki mbili. Ufa ukitoka damu au usaha, acha mafuta uende zahanati. Mwenye kisukari asijisugue kwa jiwe wala kukata ngozi ya unyayo kwa wembe, kwani kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu.

Je, mafuta ya alizeti ya kukaangia ndiyo hayo hayo ya kupaka? Nitayatambuaje mazuri?

Ndiyo, yanaweza kuwa hayo hayo, mradi ni masafi, mapya na hayajawahi kupita kwenye kikaango. Mafuta yaliyokaangiwa yamebadilika kwa moto, yana mabaki ya chakula, na hayafai kwa ngozi ya mtu yeyote, achilia mbali mtoto.

Tatizo kubwa ni jinsi yanavyotunzwa kabla ya kukufikia. Anayesafiri barabara ya Dodoma kwenda Singida huona chupa na madumu yamepangwa mezani kando ya lami, yaking'aa kwa rangi ya dhahabu juani kuanzia asubuhi hadi jioni. Yanapendeza macho, lakini mwanga na joto ndivyo vinavyoharibu mafuta ya alizeti upesi zaidi, na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani haiyakingi. Mwombe muuzaji akupe ya ndani, yaliyokaa kivulini, au nenda kwenye mashine yenyewe. Mafuta yanapotoka kwenye mashine huwa ya vuguvugu na mazito kwa machicha. Huachwa yatulie kwenye pipa, kisha huchujwa. Mimina kidogo kwenye glasi uitazame dhidi ya mwanga: mazuri yanaonekana wazi hadi chini, harufu yake ni ya mbegu za alizeti zilizokaangwa kidogo, na hayaachi ukakasi kooni ukiyaonja. Yenye harufu kama ya rangi ya mafuta au ya karanga za zamani yamekwisha kuharibika.

Uliza pia kuhusu mbegu. Kanda ya Kati inalijua vizuri tatizo la sumukuvu: mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mbegu za alizeti na karanga zilizovunwa zikiwa na unyevu au kurundikwa chini bila kukaushwa zinaweza kupata ukungu huo huo. Sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu, lakini mafuta yasiyochujwa vizuri yanaweza kubeba mabaki yake. Kwa mafuta ya kula jambo hili ni la lazima kulizingatia. Kwa ya kupaka ni busara, hasa yakiwa ya mtoto ambaye vidole vyake huishia mdomoni.

Mtoto mchanga apakwe nini?

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili, mwenye ngozi nzuri, hahitaji mafuta katika siku zake za kwanza. Ule utandu mweupe anaozaliwa nao unamtosha na haupaswi kusuguliwa utoke. Baadaye ngozi ikionekana kavu, mafuta kidogo ya alizeti au ya nazi yaliyo safi yanafaa, yakipakwa kwa mikono iliyonawiwa, bila manukato na bila kuchanganywa na kitu kingine. Kwa watoto njiti habari ni tofauti. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya mbegu za alizeti hospitalini walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini mafuta yale yalichaguliwa na kupakwa chini ya uangalizi wa wodi. Mzazi mwenye mtoto njiti aliyerudi nyumbani afuate maelekezo ya kliniki yake, asianze mwenyewe.

Kitovu kiachwe kikavu, safi na wazi. Kisipakwe mafuta ya kula, ya nazi, ya breki, majivu wala udongo, isipokuwa dawa ambayo mhudumu wa afya ameitoa kwa kazi hiyo. Najua ushauri huu hugongana na mkono wa mkwe au bibi ambaye ameshakuza watoto wengi kwa njia yake, na si rahisi kwa mama aliyejifungua jana kumpinga. Ni vizuri baba wa mtoto ndiye aseme, tena kwa heshima: pepopunda na maambukizi ya damu huingia kupitia kitovu, na mtoto wa umri huo hana nguvu ya kupambana nayo.

Vilevile usimdondoshee mtoto mafuta puani ili kufungua pua, wala usimnyweshe kijiko cha mafuta ili "kusafisha tumbo" au "kulainisha kifua". Mtoto anayelia huku akinyweshwa huyavuta mafuta kwenye mapafu, na mafuta yakifika huko mwili hauwezi kuyatoa kwa urahisi. Huleta homa ya mapafu ya aina yake ambayo dawa za kawaida haziiondoi.

Mafuta ya mikaratusi yanasaidia mafua na kifua kubana?

Kwa mtu mzima, harufu yake huleta hisia ya pua kufunguka, na matone mawili matatu yaliyozimuliwa na kupakwa kifuani hayana neno. Hayaui virusi vya mafua na hayatibu homa ya mapafu.

Hatari ni kuyameza. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya mikaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege au kumpotezea fahamu, tena ndani ya muda mfupi. Kafuri nayo ni hivyo hivyo. Mafuta yenye mentholi, kiini cha mnanaa kilichomo katika dawa nyingi za kupaka kifuani, yakipakwa puani au karibu na pua ya mtoto mchanga yanaweza kumfanya ashindwe kupumua. Kwa kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja, kijiko cha asali kina faida na hatari ndogo kuliko mafuta yote haya. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali pia.

Kujifukiza, ambako kulipata umaarufu mkubwa nchini mwaka 2020, kumewaunguza watu wengi kwa sufuria kupinduka chini ya blanketi. Mtoto asifukizwe kabisa. Mtoto anayepumua haraka, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au anayelegea, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Mwarobaini umejaa mitaani kwetu. Mafuta yake yananyweka?

Hapana. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mti wenyewe umezoeleka sana. Karibu kila ua wa shule na ofisi mjini Dodoma una kivuli chake, na mazoea hayo huwafanya watu waone kila kitokacho kwake ni salama. Chai chungu ya majani na mafuta ya mbegu si kitu kimoja. Huko India na Malaysia kumeripotiwa watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa maradhi madogo kama mafua, wakaanza kutapika, kusinzia na kupata degedege, ini likaharibika, na baadhi yao wakafa. Mjamzito naye asiyatumie, wala anayetafuta mimba, kwa kuwa yanaweza kuharibu mimba.

Kwa kupaka, mtu mzima anaweza kuyatumia kidogo yakiwa yamechanganywa na ya nazi, ingawa harufu yake ni nzito na ngozi nyingine huwashwa nayo. Hufukuza mbu kwa muda, lakini usilale nje ya chandarua kwa kuyategemea. Bustanini yana kazi nzuri zaidi: yakichanganywa na maji na sabuni kidogo hupunguza wadudu wa mboga, na nadhani huko ndiko thamani yake ya kweli iliko.

Mafuta ya nyonyo yanaleta uchungu wa uzazi? Na ndevu je?

Yanaweza kuchokoza tumbo la uzazi, na ndiyo maana yasitumike. Nyonyo ni dawa ya kuharisha. Mtu mzima akiinywa huharisha ndani ya saa chache. Kwa mama aliyekaribia kujifungua hali hiyo humpotezea maji, humchosha kabla ya kazi yenyewe, na mikazo inaweza kuja kwa nguvu isiyo na mpangilio, mtoto akachoka tumboni. Mimba iliyopita tarehe ni shauri la hospitali, ambako moyo wa mtoto husikilizwa wakati uchungu unapoanzishwa.

Mbegu zenyewe zina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo haiyeyuki kwenye mafuta, hubaki kwenye mashudu, kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa vizuri hayana. Lakini mtoto akitafuna mbegu hizo zenye madoadoa ya kuvutia anaweza kufa. Mashudu yake asipewe mbuzi wala kuku. Ikiwa mnyonyo umeota uani na una watoto wadogo, ung'oe.

Kuhusu ndevu, nyusi na nywele zilizokatika, nyonyo hung'arisha na kupunguza kukatika kwa nywele zilizopo. Madai kwamba huotesha nywele mahali pasipokuwa na nywele hayana ushahidi wa kuaminika.

Jino linaniuma usiku wa manane. Karafuu?

Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ambayo kwa kweli hutia ganzi na hutumika hata kwa madaktari wa meno. Chovya pamba kidogo katika mafuta ya karafuu yaliyozimuliwa kwa ya kula, iguse kwenye tundu la jino bila kugusa fizi wala ulimi, iondoe baada ya dakika chache. Yakipakwa makali na kurudiwa mara nyingi huunguza fizi ikawa nyeupe na kuchubuka. Watoto wasitiwe: kijiko kimoja au viwili vya chai vikimezwa vimewahi kuharibu ini la mtoto. Maumivu yakiisha tundu bado lipo, kwa hiyo mwone daktari wa meno. Shavu likivimba au mdomo ukishindwa kufunguka, usingoje kupambazuke.

Sikio limeziba kwa nta. Naweza kutia mafuta?

Mtu mzima ambaye sikio lake halina maumivu, halitoi usaha na halijawahi kutoboka anaweza kutia matone mawili matatu ya mafuta safi ya kukamua, yaliyopashwa hadi joto la mwili tu, mara mbili kwa siku kwa siku chache, nta ikalainika na kutoka yenyewe. Kukiwa na usaha, maumivu au homa, usitie chochote. Vitunguu saumu vilivyochemshwa kwenye mafuta, ambavyo watu wengi hushauriana, huunguza ngozi laini ya ndani ya sikio. Machoni mafuta hayaingizwi kabisa.

Mtu akiungua na moto au uji, tumpake mafuta?

Hapana. Mafuta hushikilia joto ndani ya ngozi na huleta uchafu kwenye jeraha. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Penye shida ya maji, kama vijiji vingi vya huku kwetu, weka beseni chini na uendelee kuteka maji hayo hayo kwa jagi na kuyamimina polepole. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

Mba na mapunye vinatibika kwa mafuta?

Hapa watu wengi huongeza tatizo wakidhani wanalitibu. Vijidudu vya fangasi vinavyochangia mba huishi kwa kula mafuta ya kichwa, na kuyaongeza kila siku ni kuvilisha. Osha kichwa mara kwa mara, tumia shampuu ya dawa ya mba, na paka mafuta kwenye nywele kuliko kwenye ngozi ya kichwa. Mapunye ya watoto, yale mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika, huishi ndani ya mzizi wa unywele ambako dawa ya kupaka haifiki vya kutosha. Huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kutoka kituo cha afya. Mtoto akipakwa mafuta kwa miezi huku akibadilishana kofia na wenzake, darasa zima litaambukizwa.

Kwa nywele zenye afya, mafuta ya nazi yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa sababu yana uwezo wa kupenya ndani yake.

Mwanangu ana ualbino. Mafuta yanamkinga na jua?

Hakuna mafuta ya mimea, yawe ya nazi, karoti au ubuyu, yanayokinga jua kwa kiwango cha kumfaa. Anahitaji losheni maalumu ya kukinga jua, kofia pana, mikono mirefu na kivuli. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Uliza hospitali ya mkoa jinsi ya kumwandikisha. Jua la Dodoma ni kali hata siku ya upepo wa baridi, na saratani ya ngozi huanza na kidonda kidogo kisichopona, ambacho watu hukipaka mafuta kwa mwaka mzima. Kidonda cha namna hiyo kionwe na daktari mapema.

Nimeambiwa ninywe kijiko cha habasoda kila asubuhi. Kuna ubaya?

Kama kiungo cha chakula, kwa mtu mzima asiye na maradhi, kiasi kidogo hakina shida. Kama mbadala wa dawa, ubaya upo. Habasoda inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari au presha anaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda yuko hatarini zaidi. Mweleze daktari unachokunywa, hata kama unaona haya. Asiyejua hawezi kukukinga.

Nitajuaje kama ngozi yangu inayakubali, na kama bidhaa ni halali?

Paka tone moja ndani ya kigasha, uache kwa saa 24 hadi 48. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, osha na usiyatumie. Mwenye mzio wa karanga au ufuta aepuke mafuta yake hata ya kupaka.

Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na dawa zinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa za asili na waganga wake wako chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe na namba ya usajili usiinunue kama dawa. Ogopa zaidi mafuta "ya asili" yanayong'arisha uso ndani ya wiki moja. Mimea haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Mara nyingi ndani yake mna zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, yaani mkorogo uliobadilishiwa chupa.

Mafuta yanaharibu kondomu?

Ndiyo. Kondomu za mpira hudhoofika na kupasuka zikiguswa na mafuta yoyote ya mimea. Tumia vilainishi vya maji.

Mtoto amekunywa mafuta tete. Nifanye nini?

Usimtapishe na usimnyweshe maziwa wala mafuta mengine. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mfute mdomo, mweke akae au alale kwa ubavu kama amelegea, mpeleke hospitali mara moja ukiwa umeshika chupa yenyewe ili waone alichomeza na kiasi kilichopungua. Chanzo cha ajali hizi mara nyingi ni chupa ya soda au ya maji iliyojazwa kitu kingine na kuachwa mezani. Mafuta ya dawa yakae kwenye chupa yake, yenye maandishi, juu kabisa, penye mlango wa kufungwa.

Niyahifadhi vipi, na yakiharibika niyapeleke wapi?

Weka kwenye chupa ya kioo cheusi au ya bati, ijae, ifungwe vizuri, mahali pa giza na pa baridi mbali na jiko. Chumba cha bati kisicho na dari huwaka mchana, kwa hiyo chini ya kitanda ni bora kuliko juu ya kabati, mradi watoto hawafiki. Andika tarehe ya kununua. Ya alizeti yatumie ndani ya miezi michache baada ya kufunguliwa. Ya nazi hudumu zaidi.

Yaliyoharibika usiyamwage kwenye bomba la maji machafu, kwani yataganda na kuliziba. Yanafaa kupakwa mpini wa jembe au bawaba za mlango, na kitambaa ulichotumia kitandazwe nje kikauke kabla hujakitupa, kwa kuwa matambara yenye mafuta ya alizeti yakirundikwa pamoja kwenye joto yanaweza kushika moto yenyewe.